Mafundi tuache kubahatisha waya wa taa ndogo

Ndugu Mhariri, salaam. Mie ni fundi umeme wa magari hapa Ngamiani, Tanga, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni na naona kabisa linaweza kuja kuua mtu barabarani. Siku hizi watu wengi wanafungiwa rimoti za kuwashia gari ukiwa mbali, kwenye magari ambayo hayakuja nazo. Nchi za baridi wanafunga ili injini ipate moto kabla ya safari, huku kwetu kwa joto hili la pwani mtu anataka akitoka dukani akute AC imeshapooza viti, na sina ubaya nalo, ni kitu kizuri. Shida ni taa ndogo, hizi za paking.

Gari linaletwa, mwenyewe anasema tangu nifungiwe rimoti taa ndogo haziwaki, mwingine anasema hazizimi, mwingine kila asubuhi anaomba jirani ambusti betri. Kaambiwa betri imezeeka, kanunua mpya na yenyewe ikalala vile vile. Jamani hesabu yake ni ndogo tu, balbu mbili za mbele wati 5 kila moja, mbili za nyuma wati 5, na kwenye kibao cha namba mara nyingi ziko mbili za wati 5, jumla wati 30, hiyo ni kama ampia mbili na nusu, zikikesha saa 12 zimekula ampia-saa 30 (ampia mara saa), na betri ya gari dogo mara nyingi ni ya ampia-saa 35 mpaka 45. Hata ununue betri ya bei gani, asubuhi hailiwashi gari.

Kiini ni waya, maana kifaa cha rimoti kinaungwa kwenye waya wa taa ndogo ili kizipepese ukifunga milango na kiziwashe injini ikiunguruma. Kwenye Toyota nyingi hizi za kutoka Japani swichi ya taa haipeleki umeme kwenye balbu, inagusisha tu waya wa rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) kwenye bodi ya gari, yaani ni waya wa hasi. Magari mengine waya wake ni wa chanya. Na kifaa cha rimoti kinaweza kutoa chanya au hasi, vingi vina kipini kidogo au fyuzi ya kuhamishia upande, sasa fundi anakiacha kama kilivyotoka dukani anaunga, na hapo ndo balaa linaanza. Chukua mita ya kupimia volti, zima taa, pima waya unaotaka kuunga. Ukisoma volti 12 taa zikiwa zimezimwa halafu ukiwasha ikashuka sifuri, huo ni wa hasi. Ikiwa sifuri halafu ukiwasha inapanda 12, ni wa chanya, lakini usiunge kwanza, zungusha kile kinobu cha kupunguza mwanga wa dashibodi, volti zikicheza ujue umeshika waya wa dashibodi sio wa paking. Na soketi za njano ni za eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka ajalini, usichokonoe kitu pale.

Kinachonitisha zaidi ni hiki. Ukiweka hasi ya kifaa kwenye waya wa chanya, mchana hutaona kitu, siku umefika mahali usiku taa zinawaka ukabonyeza rimoti kufunga milango, kifaa kinataka kupepesa taa, kinaupeleka ule umeme kwenye bodi, shoti, fyuzi ya taa ndogo, ile iliyoandikwa TAIL, inakata. Na fyuzi hiyo kwenye magari mengi ndiyo ya taa za nyuma pia! Dereva mbele anaona taa kubwa zinawaka vizuri anajua yuko salama, kumbe nyuma ni giza tupu, na njia ya Muheza mpaka Segera usiku mnaijua malori yanavyokuja. Halafu kuna anayechoka kubadilisha fyuzi anaweka ya ampia 30 palipoandikwa 10, au anasokota uzi wa waya. Huo ni moto unaosubiri ndani ya dashibodi.

Kama taa hazizimi, chomoa soketi ya kile kifaa, zikizima ubovu uko kwenye kifaa, zisipozima angalia rilei na swichi ya gari lenyewe. Magari mengi ya Ujerumani taa za kushoto na kulia zina waya mbali mbali, usizifunge pamoja bila dayodi, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Na wateja mjue, taa kuwaka muda wote injini ikiunguruma kwa rimoti sio ubovu, vifaa vingi vimetengenezwa hivyo. Viungo vichomewe kwa risasi, kwa hewa yetu ya chumvi waya wa kusokota na tepu unaota kutu ya kijani.

Wewe mwenye gari kabla hujalipa simama nyuma ya gari, mwambie fundi awashe taa kwa swichi, afunge na kufungua milango kwa rimoti taa zikiwa zinawaka, awashe injini kwa rimoti, azime, na kila hatua uhakikishe taa za nyuma na kibao cha namba zinafanya kazi. Na ile karatasi ya kifaa usiiache gereji, andika rangi ya waya uliounganishwa na kipini kiko upande gani uiweke garini, fundi atakayelishika gari hilo baadaye ataihitaji.

Fundi umeme, Ngamiani, Tanga