Kona ya Nangurukuru

Mwanangu Zuhura,

Umeniuliza kama mkienda Lindi na wenzako mtapata nafasi ya kupitia Kilwa. Nafasi mtaipata, lami siku hizi inakwenda moja kwa moja. Ile safari yetu ya mwaka 2011, wewe ukiwa na miaka tisa, tulivuka Daraja la Mkapa wasafi kabisa, tukaja kutokea Somanga vumbi hadi kwenye kope, maana kipande cha kutoka Ndundu kilikuwa bado kinajengwa. Ulikula samaki wa kukaanga na hilo vumbi lako hivyo hivyo.

Pale njia panda ya Nangurukuru nilipokata kushoto kwenda Kilwa, nilikuambia nakupeleka ukaone mji wa kale. Nilikuficha jambo. Wajomba zako walikuwa wananisubiri Lindi kwenye kikao cha mirathi ya babu yako, na mimi nilikuwa natafuta kisingizio cha kuchelewa. Kilwa ikanipa kisingizio cha siku nzima.

Tulichukua kibali Kilwa Masoko, kwenye ofisi ya Mambo ya Kale, tukapanda mashua ya tanga kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu. Uliishika kanga yangu njia nzima, ukasema huogopi.

Kwenye Msikiti Mkuu mwongozaji alitueleza kuwa sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11, na zile kuba zikaja baadaye, mji uliponona kwa dhahabu ya Sofala, bandari ya huko Msumbiji. Hayo hukuyasikiliza. Ulikuwa umeingiza kidole kwenye tundu la ukuta, ukaniita: "Mama, jiwe hili lina vidude!" Ni matumbawe. Aina ile laini walikuwa wakiikata ingali mbichi, imetoka tu baharini, wakaichonga nakshi kabla haijakauka na kuwa ngumu. Yule mwongozaji alikupa kipande kilichoanguka chini ukishike, na akasimama hapo hapo mpaka ukakirudisha. Alikuwa na haki. Wakati huo Kilwa ilikuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, ilitolewa mwaka 2014.

Kisha tukatembea juani hadi Husuni Kubwa, kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, juu ya jabali linalotazama bahari. Huyo ndiye aliyekuwa akitawala Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika mwaka 1331. Sultani huyo watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Ibn Battuta anasimulia kwamba siku moja Sultani akitoka sala ya Ijumaa, fukara mmoja kutoka Yemen alimsimamisha akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Mimi nimesikia hadithi hiyo nimekaa kwenye ngazi za jumba ambalo paa lake halipo tena, simu inalia kwenye mkoba, najua ni mjomba wako mkubwa. Sikupokea.

Usidhani ilinilainisha. Tulifika Lindi usiku, asubuhi yake nikaingia kikaoni, na mtu akiniomba hata ushungi siku ile nisingempa. Walitaka nyumba iende kwa wanaume na mimi nipewe pole. Nilibishana mpaka alasiri, sauti ikanikauka. Nilitoka na chumba kimoja na minazi sita, ambayo miwili imeshakufa. Ndiyo maana wewe ukifika Lindi una mlango wa kufungua, na ufunguo nimempa mama mdogo.

Kwa hiyo pitieni. Ombeni kibali mapema, muulizeni nahodha habari ya maji kabla hamjapanga saa ya kurudi, maana yakitoka mtatembea kwenye tope na viatu mkononi. Vaeni kofia, huko Husuni hakuna kivuli cha maana. Gereza, ile ngome ya zamani, liko pale pale mnaposhukia. Wareno waliofika mwaka 1505 ndio waliolianza, Waomani wakalijenga upya. Picha mpige hapo, wenzako watapenda.

Halafu nenda kwenye lile birika la kuogea la Husuni Kubwa. Siku ile ulilizunguka mbio ukihesabu pembe, ukakaza kuwa ni saba, ukanuna hadi mashuani. Zihesabu tena polepole, kisha unipigie. Mimi nilipata nane.

Mama yako