Barua kwa Zuhura: Kilwa tutajipikia

Tabata, Dar es Salaam
Mei

Shoga yangu Zuhura,

Salamu zako nimezipata, na picha ya watoto nimeiona. Yule mdogo ni babu yake mtupu! Umeniuliza likizo ya Juni mfikie hoteli gani mkija kuona magofu ya huku pwani. Mwenzangu, hoteli achaneni nazo. Tukodi nyumba kwa siku, yenye jiko na vyombo, tujipikie. Najua utasema unakuja kupumzika, si kukuna nazi. Ngoja kwanza.

Sisi tulianza na Bagamoyo, kilomita kama 70 tu kutoka hapa. Tulipata nyumba ya mawe mtaa wa zamani, dari yake ya boriti za mikoko. Sikufichi, mtungi wa gesi ulikata wali ukiwa haujakauka, kisu cha humo ndani hakikati hata nyanya, na mwenye nyumba simu hapokei. Baba Nuru akaenda kwa jirani kuomba jiko la mkaa. Jirani mwenyewe mzee wa makamo, akaja nalo, akakaa barazani, na stori zikaanza. Nilimlalamikia kwamba vyumba vya nyumba hii ni vyembamba kama ujia. Akacheka, akanyoosha kidole juu: "Mama, chumba hakiwezi kuzidi boriti." Mti wa mkoko una urefu wake, na fundi wa zamani alijenga kuta kwa kuufuata huo. Urefu wa chumba alijipangia anavyotaka, upana aliamuliwa na mkoko.

Kesho yake tukaenda Kaole, kusini kidogo ya mji, kwenye msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye minara. Wanangu wakawa wanahesabu hatua kutoka ukuta hadi ukuta! Kwenye makaburi wakaonyeshwa matundu yalikopachikwa mabakuli ya Kichina. Nuru akauliza kama watu walikuwa na bakuli za kuweka kaburini, za kulia zilikuwaje. Swali la mtoto aliyetoka kugombania sahani asubuhi.

Misheni ya Wakatoliki ya mwaka 1868 tulipita pia, na mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone mwaka 1874 kabla ya kusafirishwa. Mimi huwa nawafikiria zaidi watumishi wake, Chuma na Susi na wenzao, waliombeba kwa miguu kutoka Chitambo, Zambia ya leo. Samaki tulinunua mnadani ufukweni, dagaa kamba wakiwa bado wanarukaruka. Bei panda nao taratibu, wakikusikia una lafudhi ya Dodoma wanaongeza.

Lakini Kilwa ndiko ninakotaka tukae. Barabara ya kusini inavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, mnakata kushoto Nangurukuru, mnashuka Kilwa Masoko. Nyumba tuifanye Masoko, karibu na soko, kwa sababu kule Kilwa Kisiwani, kwenye magofu yenyewe, huwezi kutegemea duka. Chakula na maji mnabeba. Kibali kinakatwa hapo Masoko kabla ya kupanda boti. Na tuvuke asubuhi mapema: Juni kusi huwa imeshashika, jua likipanda na mawimbi yanapanda.

Wazee husimulia kwamba Mshirazi aliyekuja kutawala alikinunua kisiwa kwa nguo, kiasi cha kukizungushia chote. Nimewahi kuuza vitenge, kwa hiyo nikikizunguka kile kisiwa huwa napiga hesabu ya marobota. Nguo zilirudi, maana ni mji huo uliokuja kusimamia dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, na kufua sarafu zake wenyewe. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika mwaka 1331, akamsifu sultani wa wakati ule, al-Hasan bin Sulaiman, kwa ukarimu wake.

Sultani huyo ndiye wa Husuni Kubwa. Kutoka kijijini mnatembea mpaka kwenye jabali linalotazama bahari, mnakuta jumba lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogelea la pembe nane, la mawe ya matumbawe na chokaa. Limekauka, majani yameota ndani, ila kingo zake bado ukizipapasa utasikia jinsi fundi alivyozilainisha. Nilikaa pale nikiwaza nani alikuwa anachota maji ya kulijaza. Sultani hakuchota, hilo nina hakika! Na jiko? Ukiwa umeamka usiku kutafuta kiberiti na chumvi kwenye nyumba ya watu, hayo ndiyo maswali yanayokujia. Nikitoka hotelini nimeshiba chapati na mayai ningepiga picha nikaondoka.

Msikiti Mkuu nakuachia uuone mwenyewe. Ingia ukae chini ya zile kuba, usizungumze na mtu. Gereza la ufukweni watoto watalipenda, Wareno walipojenga ngome yao baada ya kuuteka mji mwaka 1505.

Tukipata siku ya ziada twende Songo Mnara, ambayo pamoja na Kilwa Kisiwani iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Ni mbali zaidi kwa boti, na unashukia kwenye tope la mikoko, viatu mkononi. Kule ni nyumba za watu: baraza, ua, vyumba vya ndani. Baba Nuru alipima chumba kwa mikono, akasema hiki nacho ni boriti.

Jioni tutapika changu wa nazi, mimi nitakuna. Wewe utasonga ugali wako wa uwele mnaojivunia huko. Na korosho za kusini utabeba za kutosha. Michoro ya miambani ya Kolo huko kwenu Kondoa bado mnanidai, lakini hiyo iwe zamu yenu kutukaribisha.

Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi mtakuwa wangapi, na kama mama mkwe anakuja, maana ngazi za boti zile si za magoti yake. Mwenye nyumba wa Masoko anataka kianzio na ameniambia Juni wageni huwa wengi.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Mama Nuru