Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Ukanda wa Kaskazini, Mombasa: meli ikikamatwa, sisi wenye mizigo tuseme na nani?

Bwana Katibu Mtendaji, jambo kutoka Goma.

Mie niko mfanyabiashara wa kawaida, naingizaka makaro (vigae vya sakafu) na vipuri vya pikipiki, mizigo inashuka kwenu Mombasa, inafuata Ukanda wenu, njo ile njia ya mizigo ya transiti, inapita Kampala mpaka inafika huku. Sasa hivi kontena yangu iko ndani ya meli iliyofungwa na amri ya mahakama, na siko peke yangu. Ukimuuliza wakala anasema subiri, kesi iko kwa juji, ukimuuliza transiteri, yule wa kututolea mizigo bandarini, anarudilia ileile, na likelemba, ile michango yetu ya zamu, haijui mambo ya kesi, siku ikifika unalipa.

Kesi yenyewe ni ya mazuti, ni kusema mafuta ya kuendesha meli. Kampuni iliyokodi meli ilichukua mazuti haikulipa, muuzaji akakimbia mahakamani, meli ikakamatwa. Siko avoka (wakili) lakini nimesoma na nimeuliza, na kadiri ninavyosoma ndivyo naona hii amri ilistahili kupingwa siku ya kwanza. Sheria ya Kenya, Judicature Act kifungu cha 4, inapatia Mahakama Kuu kesi za meli na kuiambia ifuate namna ya Uingereza. Na Uingereza, kwa sheria yao ya 1981, deni la mazuti halishiki meli ovyo: yule anayedaiwa lazima awe mwenye meli mwenyewe, ao aliyeikodi tupu akaweka mabaharia wake. Aliyeikodi kwa muda tu, meli si yake, deni ni lake. Marekani iko mambo ingine, kule muuza mazuti anakuwaka na haki juu ya meli yenyewe, lakini Mombasa si Houston. Kwa hiyo swali ni moja, nani aliagiza mazuti, na kwa jina la nani? Mbona halikuulizwa kabla ya kufunga meli nzima?

Tena si jambo geni hapo kwenu. Kesi ya Lillian S, 1989, ilikuwa hivihivi, Caltex, kampuni ya mafuta, anadai pesa ya mafuta, wenye meli wanasema mahakama haina mamlaka, na Jaji Nyarangi akasema mamlaka ni kila kitu, bila hiyo mahakama haiwezi kupiga hata hatua moja zaidi. Leo maavoka wa Kenya wanaitaja hata kwenye kesi za mashamba na uchaguzi, kumbe ilitoka kwa meli! Na OW Bunker, kampuni ya kuuzia meli mazuti, ilipofilisika mwezi wa 11, 2014, meli zilikamatwa bandari nyingi za dunia juu ya mazuti ambayo watu wawili watatu walikuwa wanadai malipo yake kwa wakati mmoja.

Najua utasema mwenye meli anaweza kuweka garanti (dhamana) ya benki ao barua ya asiranse (bima) yake, meli inaondoka, kesi inaendelea nyuma. Ni kweli, na mara nyingi njo inafanyika. Lakini mwenye meli akiona madeni yanashinda bei ya chuma chake anaiacha, na hapo sisi tunafanya je? Tunaruhusiwa kuingia kwenye kesi tuombe mizigo ishushwe, sawa, lakini gharama ya kushusha inakuwaka juu yetu, na sisi wa Goma tangu benki zifunge mwezi wa kwanza 2025, hata kutuma pesa ya avoka ni vita.

Na fidia? Tangu kesi ya Evangelismos, 1858, aliyekamata meli bila haki halipi kitu mpaka uonyeshe alifanya kwa nia mbaya ao uzembe mkubwa kabisa. Mkataba wa Geneva wa 1999 juu ya kukamata meli, ulioanza kufanya kazi 2011, unaruhusu mahakama kumuomba mdai aweke garanti yake kwanza, naona ni haki, ila garanti hiyo ni ya kumkinga mdaiwa. Mwenye makaro hayumo.

Sikuombi uamue kesi, si kazi yako. Lakini Ukanda uko na nchi sita, mkataba wake ni wa tangu 1985, na mizigo yetu njo inayofanya barabara hiyo iwe na maana. Meli yenye mizigo ya transiti ikikamatwa, tangazeni kwa Kiswahili na Kifaransa, na museme nani anadai nini. Tafuteni avoka mmoja wa kuingia kwa jina la wenye mizigo wote, tutachanga, kuliko kila mtu kutafuta wake kwa WhatsApp na kuliwa pesa. Na muongee na bandari ili kontena zishushwe mapema bila kungojea mwisho wa kesi, gharama zigawanywe, na yule aliyekamata naye atoe sehemu yake mpaka juji aseme nani ana haki.

Jibu unaweza kulipitisha kwa FEC, shirikisho letu la wafanyabiashara, hapa Goma, tutalipata.

Mfanyabiashara wa soko la Virunga, Goma