Honi yako haikaushi barabara

Ndugu mhariri,

Mi ni dereva wa Fuso, nabeba viazi kutoka Kisoro kupeleka Kampala, na barua hii naiandika hapa Kabale nikiwa nimepaki nasubiri chai, maana nisipoandika leo hasira itapoa nitanyamaza kama siku zote.

Leo saa moja asubuhi nilikuwa napanda mlima wa Kanaba, njia ya Kisoro kwenda Kabale, na gia ya pili, magunia yamejaa mpaka juu, ukungu umeshuka hadi mbele naona labda urefu wa gari mbili basi. Akaja mtu nyuma na Subaru. Ful taa. Honi. Anatoka kidogo anachungulia, anarudi, honi tena. Utingo wangu akaniuliza, mzee, huyu anataka tupae?

Wanaoijua ile njia wanajua, upande huu mlima umekatwa upande ule ni shimo, na msimu huu wa mvua udongo wa mashambani unateremka wenyewe, halafu magari yanayotoka njia za vijijini yanamwaga tope la matairi juu ya lami, ukungu ukililowesha linakuwa kama mche wa sabuni uliosahaulika kwenye beseni. Unakanyaga breki, gari linaendelea na safari zake. Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndo mbaya kabisa, watu wanadhani ni manyunyu tu kumbe vumbi na oili iliyodondoka miezi yote bado iko pale juu haijaoshwa.

Nina mpwa wangu Montreal kule Kanada, anaendesha gari ya kusambaza mikate. Anasema huko kuna barafu nyembamba huioni, unaona lami imelowa tu, na inaanzia madarajani kwa sababu baridi inapita juu na chini. Kwao Quebec kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka 15 Machi sheria inakulazimisha kufunga matairi ya winta. Nikamwambia basi nyie watu wa honi hamna. Alicheka! Anasema wapo tele, na wenye magari makubwa ya fo wili ndo anawakuta mtaroni, maana fo wili inakusaidia kuondoka, kusimama haikusaidii.

Sasa turudi kwa wa Subaru. Alichokuwa anakitaka kwangu ni indiketa ya kushoto. Abiria wengi hawajui ila madereva tuna lugha yetu, lori ikikuwashia ya kulia inakwambia kaa hapohapo kuna kitu kinakuja, ikikuwashia ya kushoto inakwambia pita. Ni wema wa barabarani na mi nimeutoa miaka mingi. Lakini mwaka juzi pale msitu wa Echuya kwenye mianzi niliwasha kushoto, mbele nimeona peupe kabisa, taksi ya abiria ikatoka kunipita, mara kwenye ukungu ikachomoka boda haina taa, imefunga madumu mawili ya maziwa. Nikashika breki Fuso ikaanza kwenda kiubavu, taksi ikajibana mbele yangu, boda akatupwa kwenye nyasi, dumu moja likapasuka maziwa yakatiririka mpaka chini ya matairi yangu. Kijana akasimama, mzima, anajipangusa. Aliyemwangalia ni mimi, wa taksi wala hakumtazama.

Tangu siku ile kwenye ukungu kushoto siwashi, hata ungenitukania ukoo mzima. Ninachofanya natafuta sehemu pana, pale wanapokaa wauza viazi, natoka pembeni napisha wote, dakika mbili zimeisha. Leo pia sehemu ilikuwa mbele kidogo tu, hakungoja, akanipita konani, bahati yake hakukuwa na kitu. Nimefika Muko namkuta amesimama kwa muuza chapati anakula roleksi, ile chapati ya kukunjia mayai, akanipungia mkono! Banange.

Na wenzangu wa malori nao nitawasema, mnapanda watano mmegandana kama siafu, sasa mtu akimpita mmoja atajiingiza wapi? Acheni nafasi ya gari moja katikati. Na kuteremka na nyutro eti unaokoa dizeli wakati chini kuna tope, hapo sina la kusema.

Wenye barabara nao tunawaomba watuchongee sehemu za kupishia kati ya Kanaba na Muko, hata tatu zitatosha, na kibao kiwekwe mapema ili anayepiga honi nyuma ajue pa kupitia papo mbele.

Chai imekuja, na utingo anasema huko mbele kumefunguka.

Dereva wa viazi,
Kisoro