Shosti, naomba madodoso 30

Shosti wangu mambo, za masiku? Najua umeninunia na una haki, tangu ile send-off ya mdogo wake Mama Kulwa sijakupigia, na meseji yako ya Eid nikaijibu kwa kidole gumba tu kama nakudai. Nisamehe bure. Watoto wazima, baba yao mzima, mama yupo kwangu na miguu yake ile ile. Mengine tutaongea.

Nina shida. Ila siwezi kuisema kabla sijakwambia ilikotokea maana utauliza tu.

Unakumbuka nilivyokwambia nakwenda kupiga masta ya biashara upande wa uhasibu ukaniuliza "kwani CPA, ile mitihani ya bodi ya wahasibu, imekushinda?" Nikakuona una roho mbaya. Basi nipo muhula wa pili sasa. Ofisini natoka saa kumi na moja mbio mbio, darasani mpaka saa mbili na nusu usiku, halafu mwendokasi ya Kimara nimening'inia na begi la laptopu, nafika nyumbani wali umeshagandana kwenye hotpoti. Ada naikatakata mafungu kwa hela ya kikoba. Na darasa lenyewe nusu ni vitoto vimemaliza digrii juzi, vinatuamkia shikamoo mama halafu vinatupita maksi! Mimi nilijiamini bwana, miaka 9 nafunga hesabu, VAT ya asilimia 18 naitoa kichwani, mashine ya risiti ya EFD ikigoma naitwa mimi, nikasema masta itakuwa kuchukua cheti tu.

Ikaja test ya kwanza. Swali la upangaji, ile kanuni ya kimataifa ya hesabu, IFRS 16, iliyoanza 2019, unaijua vizuri kuliko mimi, ukipanga godauni miaka kadhaa huandiki tu kodi kama matumizi ya mwezi ukapita zako, unaiingiza kwenye mizania, haki ya kulitumia inakaa kama mali na unachodaiwa kinakaa kwenye madeni. Godauni miaka 5, kodi milioni 24 kwa mwaka, inalipwa mwanzo wa mwaka, riba asilimia 15. Nikacheka kimoyomoyo. Nikachukua milioni 24 nikazidisha kwa 3.352 ya kwenye jedwali, lile la kugeuza malipo ya miaka 5 kuwa thamani ya leo, nikapata milioni 80.45, nikapiga mistari miwili chini kwa rula, nikatoka wa kwanza kwenda kunywa chai.

Nikapata 7 kati ya 20. Saba, shosti.

Lekchara hata hakuandika maelezo, pembeni kaweka peni nyekundu: "Wewe kodi yako unalipa lini?" Nimeiangalia hiyo karatasi kama barua ya mahakama mpaka ikaniingia. Ile 3.352 ni ya mtu anayelipa mwisho wa mwaka. Ukilipa mwanzo, milioni 24 ya kwanza inatoka siku ile unapewa funguo, hiyo hudaiwi tena, unadaiwa kodi nne zilizobaki, kwa hiyo unachukua 2.855 ya miaka minne mara 24, deni milioni 68.52, na mali ndo unajumlisha na ile uliyokwishalipa inakuwa 92.52. Sasa mimi niliyepanga Sinza, Tabata na Kimara, niliyempigia magoti yule bibi mwenye nyumba (unamkumbuka, wa paka) apokee miezi mitatu badala ya sita, eti nimekaa nimehesabu kama kuna mwenye nyumba Dar hii anayekusubiri mpaka Desemba ndo umpe hela yake!

Haya cheka umalize.

Tuje kwenye shida. Utafiti wangu nilitaka kuufanya hapo hapo kwenye upangaji, wauza hadiwea wa Kariakoo, supavaiza akaurudisha siku hiyo hiyo, akasema hao wadogo wana IFRS yao ya peke yao na hiyo habari ya kupandisha kila upangaji kwenye mizania humo haimo, kwa hiyo nitakwenda kuwauliza nini? Alikuwa sahihi, na proposo nilikuwa nimeshaiprinti kopi tatu. Nikahamia SACCOS, udhibiti wa ndani na mikopo chechefu, ile isiyolipika, na hapo ndo nikakukumbuka wewe, si kwa ubaya. Naomba unijazishie madodoso 30 kwa wanachama na wafanyakazi wa hapo kwenye SACCOS yenu. Maswali 18 tu, ya kuweka vema, barua ya chuo ninayo. Wasijaze wote kwa peni moja tafadhali, maana kuna mwenzetu alijijazia mwenyewe sebuleni, alibadilisha mpaka mwandiko, ila peni akasahau.

Hiyo ndiyo shida niliyokusudia kuandika. Kuna nyingine.

Wiki ile ile ya test nikafungua Ekseli ya godauni letu la ofisini. Niliitengeneza mimi, kwa mikono yangu, mwaka wa tatu huu. Fomyula ya PV, ile ya kutafuta thamani ya leo, sehemu ya mwisho unapoweka 1 kama malipo ni ya mwanzo, nimeacha wazi. Wazi kabisa, na ukiacha wazi inachukulia unalipa mwisho. Na mkataba upo kwenye faili, umeandikwa kodi inalipwa tarehe 1 Januari, risiti zote nimezibana mimi na stepla! Wakaguzi walipita mara mbili, wakala pilau, wakasaini. Mizania imebalansi safi wala haina kelele, ndo kinachonitisha hicho, sijui nimeshabalansisha mangapi ya hivyo. Nimerudia hesabu mara nne usiku na kikokotoleo cha mtoto, jibu halibadiliki, mali tumeandika pungufu, na tofauti siyo ya kusema ni ndogo tuipotezee. Kwa IAS 8, kanuni ya kusahihisha makosa ya hesabu, inabidi turudi nyuma turekebishe miaka iliyopita, na bosi wetu unamjua, yule akisikia neno kurekebisha anauliza nani alikosea kabla hajauliza kiasi gani. Na barua yangu ya kupandishwa cheo ipo mezani kwake toka mwezi wa tatu, na hiyo masta yenyewe niliianza kwa ajili ya... basi tu.

Mume wangu kasema ninyamaze. Nimemwambia sawa. Sijalala vizuri tangu hapo.

Ungekuwa wewe ungeanza kwa bosi au kwa wakaguzi? Nimpelekee na hesabu iliyokwisharekebishwa au nimpe taarifa kwanza? Wewe na muhuri wako wa CPA, ulishawahi kukosea kitu kikasainiwa, na ulifanyaje? Halafu hivi nikimaliza hii masta bado nitaweza kukaa mitihani ya bodi au kichwa kitakuwa kimeshachoka? Madodoso nitume kwa basi au nikuimeilie uprinti huko? Na yule mzee wako wa mikopo bado anauza asali?

Nijibu kabla ya Ijumaa, shosti. Jumatatu wakaguzi wanaingia.

Wako mwenye deni la simu,
Mama Mapacha