Hasara huanza kabla ya zabuni kufunguliwa

Ndugu Mhariri,

Kila mkataba wa serikali unapoharibika, mjadala hugeukia swali moja: nani kala? Swali hilo ni la haki, na anayestahili kufikishwa mahakamani afikishwe. Hata hivyo, katika kazi yangu ya ukadiriaji majenzi nimeona fedha nyingi za umma zikipotea mikononi mwa watu ambao hawakupokea hata senti moja ya rushwa, kwa sababu tu waliandaa zabuni bila kujua wanachotaka kununua, au walisaini mkataba ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na uwezo wa kuusimamia. Hasara ya namna hii haina mshtakiwa, na pengine ndiyo maana haiandikwi sana, ijapokuwa katika nchi wanachama wa OECD peke yake, shirika la ushirikiano wa kiuchumi linalokusanya hasa nchi tajiri, ununuzi wa umma huchukua takriban asilimia 12 hadi 13 ya pato la taifa.

Naomba nieleze jinsi inavyotokea, kwa mfano wa mradi wa kulaza mabomba ya maji. Kabla ya zabuni kutangazwa, ardhi ya njia nzima ya mtaro inapaswa kuchorongwa na kupimwa, ili jedwali la kazi, yaani orodha ya vipimo ambayo kila mzabuni huijazia bei zake, lionyeshe ni mita ngapi za ujazo zitakuwa udongo wa kawaida na ngapi zitakuwa mwamba. Gharama ya uchunguzi huo ni ndogo mno ukiilinganisha na ya mradi wenyewe, lakini ndio wa kwanza kufyekwa pale mwaka wa fedha unapokaribia kwisha na wakubwa wanapotaka fungu litumike lisirudi hazina. Badala yake hunakiliwa jedwali la mradi wa zamani (nimewahi kukuta jina la taasisi nyingine kabisa limesahauliwa katika kurasa za katikati), na kwenye mstari wa mwamba mtu huandika kwa kukisia tu: mita za ujazo 200.

Mkandarasi mzoefu, aliyekwenda kuliona eneo na kukuta mawe yamechomoza kila mahali, anajua kwamba mwamba hautapungua mita 3,000. Basi hushusha bei ya kuchimba udongo hadi karibu na hasara, kisha hupandisha bei ya mwamba mara kumi. Kwa kuwa kwenye karatasi mwamba ni mita 200 tu, jumla yake hubaki chini kuliko ya wenzake, na kamati ya tathmini humpa kazi kwa roho nyeupe kwa kuwa ndiye mwenye bei ya chini. Kazi ikianza, analipwa kwa vipimo halisi vya mtaro, na baada ya miezi michache yule mzabuni wa bei nafuu amekuwa ghali kuliko wote aliowashinda, bila kuvunja kifungu chochote cha sheria. Kamati ingeweza kuugundua mtego huo mapema kwa kulinganisha bei ya kila kipengele na makadirio ya mhandisi, lakini kazi hiyo inahitaji mtu anayeweza kulisoma jedwali, na inahitaji muda, ilhali wajumbe mara nyingi hukabidhiwa majalada asubuhi na kutakiwa kutia saini kabla ya jioni.

Mkaguzi akija baadaye, atakuta kila kitu kiko sawa: tangazo lilitolewa, siku zilitimia, muhtasari wa kikao umesainiwa. Ukaguzi wa namna hii hupima ukamilifu wa jalada, haupimi kama aliyeliandaa alikuwa na akili ya kazi. Kwa hiyo sikubaliani na wale ambao kila kashfa ikizuka hudai kanuni zaidi, kwa kuwa kanuni mpya humwongezea afisa ununuzi fomu za kujaza na kumpunguzia saa za kufikiri.

Mambo huwa mabaya zaidi pale neno dharura linapoingia. Mwaka 2006, Tanzania ikiwa katika uhaba wa umeme uliotokana na ukame, kampuni ya Richmond ilipewa mkataba wa kuzalisha megawati 100 kwa dharura, na kamati teule ya Bunge ikaja kubaini kwamba haikuwa na uzoefu wala uwezo wa kazi hiyo. Mwezi Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu kutokana na sakata hilo. Asidhani mtu kwamba ni udhaifu wa nchi maskini. Desemba 2018 serikali ya Uingereza, ikijiandaa kwa uwezekano wa kutoka Umoja wa Ulaya bila makubaliano, iliipa kampuni ya Seaborne Freight mkataba wa pauni milioni 13.8 wa kuendesha feri, wakati kampuni hiyo haikuwa na meli hata moja, na masharti yaliyowekwa kwenye tovuti yake yalionekana kuandikwa kwa ajili ya biashara ya chakula cha kupelekwa majumbani. Mkataba ulifutwa mwezi Februari 2019, na mwezi uliofuata serikali ikakubali kuilipa Eurotunnel, kampuni ya njia ya reli ipitayo chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, pauni milioni 33 ili kumaliza kesi ya kulalamikia jinsi mikataba ile ya feri ilivyotolewa bila ushindani wa wazi. Katika visa vyote viwili, maswali mepesi ya awali yangetosha: mitambo iko wapi, meli ziko wapi?

Kisha kuna mabadiliko baada ya kusaini. Uwanja wa ndege wa Berlin Brandenburg ulianza kujengwa mwaka 2006, ukapangwa kufunguliwa 2011, na ukafunguliwa Oktoba 2020, gharama ikiwa imepita maradufu ya makadirio. Mfumo wa kutoa moshi wakati wa moto ulikuwa haufanyi kazi ipasavyo, na michoro ilikuwa imebadilishwa mara kwa mara huku ujenzi ukiendelea. Kila badiliko la mchoro, Ndugu Mhariri, ni zabuni mpya yenye mzabuni mmoja, kwa sababu mkandarasi aliyekwisha kuingia eneo la kazi hana wa kushindana naye.

Ucheleweshaji wa malipo nao una gharama ambayo haionekani kwenye hesabu. Serikali ikijulikana kuwa mlipaji mbaya, wakandarasi makini hukaa kando, na wanaobaki hujumlisha riba ya benki ndani ya bei tangu mwanzo.

Ukraine, kupitia mfumo wa zabuni wa mtandaoni uitwao ProZorro, ambao mwaka 2016 ulifanywa wa lazima kwa taasisi zote za umma, imeonyesha kwamba nyaraka za zabuni zinaweza kuwekwa mahali ambapo raia yeyote anazisoma, bei za walioshindwa zikiwemo. Uwazi peke yake hauleti mtaalamu wa kuchoronga mwamba, lakini humfanya anayekisia mita 200 ajue kwamba kuna mtu ataziona.

Gazeti lako limekuwa likichapisha picha za viongozi wakisaini mikataba na kupeana mikono. Ningeomba kila picha ya namna hiyo iambatane na mambo matatu ambayo mwandishi aombe kwa maandishi: makadirio ya mhandisi kabla ya zabuni kutangazwa, ripoti ya uchunguzi wa eneo, na jina na cheo cha afisa mwenye mamlaka ya kuidhinisha mabadiliko ya kazi. Afisa akikataa kuyatoa, kukataa kwake kuchapishwe chini ya picha hiyohiyo, na mradi utakapofikia nusu, mwandishi yuleyule arudi kuuliza ni malipo kiasi gani ya nyongeza yameidhinishwa.

Wasalaamu,
Mkadiriaji majenzi, msomaji wako