Kwa nini hatupaki rangi ya nywele siku hiyo hiyo uliyokuja

Mvi zimechomoza pembeni mwa paji la uso, sendofu ni kesho, na mteja anataka kukaa kwenye kiti sasa hivi ili atoke na kichwa cheusi kabla ya adhuhuri. Jibu letu hapa saluni ni lile lile kwa kila mtu: leo tunakupima mzio nyuma ya sikio, rangi keshokutwa. Tunajua jibu hilo linaudhi, maana mitaa miwili mbele yupo atakayekupaka bila swali. Kwa hiyo tunaeleza hapa kilichomo ndani ya pakiti, jinsi kinavyoumiza, na namna ya kukitumia bila kuumia, iwe kwetu au nyumbani kwako Nkuhungu au Ipagala hapa Dodoma.

Rangi nyingi za kudumu, hasa nyeusi na kahawia iliyokolea, zinategemea kemikali inayoitwa parafenilenediamini, kwa kifupi PPD. Ikiwa peke yake haikolezi kitu. Inapokutana na peroksaidi ya hidrojeni, chembe zake ndogo hupenya ndani ya unywele, huungana huko, na kuwa chembe kubwa nyeusi zisizoweza kutoka tena. Ndiyo maana piko, yaani rangi nyeusi ya nywele, haifutiki kwa shampuu. Lakini kuungana huko kunachukua muda, na katikati ya safari hiyo ndipo ngozi inapopata taabu: chembe zilizofika nusu ya kazi ndizo mwili unazozichukulia kama adui. Zikishakomaa ndani ya unywele, nguvu hiyo zinakuwa zimeipoteza.

Mtu aliyeungua na dawa ya kulainisha nywele anajua palepale, kichwa kinawaka. Mzio wa PPD hauji hivyo. Unaweza kupaka leo, ukafurahi, ukalala vizuri, halafu siku ya pili asubuhi ukaamka kope zimevimba hadi macho hayafunguki. Kwa kawaida dalili hujitokeza kati ya saa 24 na 72. Ngozi ya kichwa ni nene, hivyo mara nyingi yenyewe huwasha tu, na uvimbe hujionyesha kwenye ngozi laini iliyo jirani: kope, masikio, kisogo, shingo. Wengine hutokwa na malengelenge yanayochuruza maji kwenye mstari wa nywele, na tezi za nyuma ya shingo zikavimba kama vijipu.

Utasikia mtu akisema, "Mimi napaka miaka kumi, sijawahi kuumwa." Hiyo si kinga. Mwili haumkatai mgeni huyu siku ya kwanza. Unamsoma kwanza, unamkariri, na siku ukimkataa unamkataa moja kwa moja. Kuna anayekataliwa mara ya pili na kuna anayekataliwa mara ya hamsini. Na ukishapata mzio wa PPD, huwa haukuachi tena. Kwa sababu hiyo kipimo tunakirudia kila mara, hata kwa mteja wa zamani, hata kama boksi ni lile lile.

Kipimo chenyewe ni kidogo na unaweza kukifanya nyumbani. Osha nyuma ya sikio kwa sabuni isiyo kali, kausha. Chukua rangi kidogo sana kwa kijiti cha pamba, paka sehemu ya ukubwa wa punje ya hindi, na ufuate maelezo ya boksi lako kuhusu kuchanganya au kutochanganya kabla ya kupima, na kuhusu muda wa kuosha. Kisha subiri saa 48 kamili. Usiangalie jioni ile ukasema umepona. Angalia kesho yake na keshokutwa, kwenye mwanga wa jua, mtu mwingine akusaidie au piga picha kwa simu. Ngozi ikiwa nyekundu, ikiwasha, ikivimba au ikitoa vipele, hata kidogo, rangi hiyo si yako. Aliyewahi kuvimba kwa rangi ya nywele au kwa piko ya mkononi asijipime kabisa, maana hata tone moja linaweza kumletea uvimbe mkubwa. Huyo ajihesabu ana mzio tayari.

Bibi harusi, hesabu siku zako. Kama shughuli ni Jumamosi, pima Jumapili au Jumatatu, paka Jumatano. Hapo hata mwili ukileta ubishi, unajua mapema, na daktari ana muda wa kukutibu kabla ya picha.

Na kwa kuwa tumetaja harusi, tuseme wazi kuhusu piko inayochanganywa na hina ili maua ya mikononi yawe meusi tii. Hina halisi ni majani yaliyosagwa. Rangi yake ni ya machungwa inayokolea hadi kahawia nyekundu, na inachukua saa kadhaa kushika. Haijawahi kuwa nyeusi. Maua yakiwa meusi ndani ya nusu saa, hiyo ni rangi ya nywele imepakwa kwenye ngozi, mahali ambapo haikutengenezewa kukaa, tena bila kipimo. Umoja wa Ulaya hauruhusu mchanganyiko wa nywele kuzidi asilimia 2 ya PPD unapogusa kichwa, na kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Mchoraji anayekoroga kwa kijiko hana namna ya kujua ameweka kiasi gani. Malengelenge yanafuata mchoro wenyewe, ua kwa ua, na makovu yanaweza kubaki. Mbaya zaidi, mtoto anayepambwa kwa piko kwenye harusi ya shangazi yake anaweza kubeba mzio huo maisha yote. Watoto wetu tusiwapake piko. Rangi za kudumu za nywele nazo hazikusudiwi kwa aliye chini ya miaka 16.

Tuje kwenye kupaka. Usipake kichwa kilichofumuliwa misuko leo, wala ulichokikuna, wala chenye mba iliyochubuka. Ngozi iliyokwanguliwa ni mlango wazi. Kama umeweka dawa ya kulainisha nywele, subiri angalau wiki mbili. Dawa hiyo ina alkali kali inayofungua magamba ya unywele na kuichosha ngozi, na ukiongeza peroksaidi juu yake nywele zitakatikia kwenye mizizi. Usioshe nywele siku hiyo kabla ya kupaka, kwani mafuta ya asili ya kichwa ni ngao. Pitisha mafuta ya mgando kwenye paji, juu ya masikio na kisogoni.

Tumia bakuli la plastiki na brashi. Bakuli la chuma linaweza kuivuruga peroksaidi. Vaa glavu, na ukimaliza uzitupe, usizigeuze upande wa ndani kwa ajili ya mteja mwingine. Uwiano ni ule wa boksi: kuna rangi za 1 kwa 1, yaani mililita 60 za rangi kwa 60 za peroksaidi, na kuna za 1 kwa 2. Kubahatisha hapa kunaleta hasara mbili. Peroksaidi ikipungua, PPD nyingi inabaki haijakomaa juu ya ngozi yako; ikizidi, rangi inakuwa nyepesi na kichwa kinawaka. Nguvu ya peroksaidi nayo isomwe kwenye chupa. Namba 10 ni asilimia 3, 20 ni asilimia 6, 30 ni 9, na 40 ni 12. Kuweka nyeusi juu ya nywele nyeusi, asilimia 3 inatosha. Kufunika mvi, asilimia 6. Wanaochukua 12 ili "ishike haraka" wanajichoma bure, kwa kuwa nguvu hiyo ni ya kung'arisha nywele, si ya kuzitia weusi, na ngozi ya kichwa haiistahimili. Pakiti nyingi za unga hukorogwa kwa maji tu kwa sababu kinachotoa oksijeni kimeshawekwa ndani. Hizo usiziongezee peroksaidi.

Weka saa kwenye simu. Muda wa boksi ukiisha, osha, hata kama unahisi haijakolea. Usikae chini ya draya isipokuwa boksi limesema, maana joto linasukuma kazi mbio na kufungua vinyweleo. Mchanganyiko uliobaki umwage. Usiufunge kwenye chupa, unaendelea kutoa gesi na chupa inaweza kupasuka.

Kuosha ndiko kunakoharibu kazi nyingi hapa Dodoma. Kabla hujafungua boksi, hakikisha una ndoo mbili za lita 20 zimejaa, usitegemee bomba. Maji ya visima vingi vya hapa ni magumu, sabuni inachelewa kutoa povu, na mtu anayeosha kwa jagi moja anaacha rangi imelala kwenye ngozi usiku kucha. Tumia maji ya uvuguvugu. Yanayotoka kwanza ni meusi kama wino, kisha kahawia, kisha kama chai ya rangi. Endelea mpaka yawe meupe kabisa ndani ya beseni, ndipo uweke shampuu, halafu suuza tena. Mwenye dredi aongeze ndoo ya tatu, kwa sababu dredi inanyonya rangi katikati na kuitoa polepole shingoni siku nzima. Rangi ikidondoka kwenye ngozi, ifute kwa pamba yenye mafuta. Jiki na petroli vinachubua, na ngozi iliyochubuka inavuta rangi zaidi.

Wakati wa kiangazi upepo na vumbi vinatufanya tufunge madirisha. Siku ya kupaka rangi usifanye hivyo. Amonia inawasha macho na koo, na unga wa blichi una pasalfeti, inayojulikana kuwasababishia wasusi pumu. Fungua dirisha moja upande upepo usikotoka, na mlango.

Nyusi na kope tunakataa, hata ukilipa mara mbili. Miaka ya 1930 nchini Marekani rangi ya kope yenye PPD ilipofusha watu na kuua, na balaa hilo ni mojawapo ya mambo yaliyosababisha sheria ya vipodozi ya 1938. Rangi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 bila kusugua, kisha nenda hospitali.

Swali la saratani tunaulizwa sana. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya WHO, limeiweka kazi ya ususi na unyozi katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, hasa ya kibofu, kwa sababu wasusi wanashika kemikali hizi kila siku. Kwa mtu anayejipaka nyumbani, halikupata ushahidi wa kutosha kusema ndiyo wala hapana. Hofu yako kubwa basi iwe mzio. Wajawazito, kinachopita kwenye ngozi ni kidogo, ila madaktari wengi hupendelea usubiri wiki 12 za mwanzo zipite.

Jambo moja tunaomba ulichukue kwa uzito kuliko yote. Usimimine piko wala peroksaidi kwenye chupa ya soda au ya maji. PPD ikimezwa, uso na shingo huvimba ndani ya saa chache na njia ya hewa huziba. Kisha misuli huharibika, mkojo ukawa mweusi, figo zikafeli. Sudan imezika watu wengi kwa sumu hii. Haina dawa maalumu ya kuiondoa mwilini. Aliyemeza asitapishwe wala asipewe maziwa. Apelekwe hospitali dakika hiyo hiyo, pakiti ikiwa mkononi. Vivyo hivyo kwa aliyepakwa rangi akaanza kuvimba midomo, sauti kukwaruza au kupumua kwa shida. Kama ni kuwasha na uvimbe wa kope tu, osha rangi iliyobaki kwa maji mengi na shampuu laini, usipake limau, dawa ya meno wala spiriti, kisha nenda kituo cha afya na boksi lako. Mwambie daktari wa meno pia siku nyingine, maana miili ya wenye mzio huu inaweza kukataa baadhi ya dawa za ganzi.

Unaponunua sokoni Majengo au popote, geuza boksi. Tafuta "p-Phenylenediamine", "PPD", "1,4-diaminobenzene" au "CI 76060"; vyote ni kitu kimoja. "Bila amonia" haimaanishi bila PPD. Maandishi ya "mitishamba" na picha ya jani navyo havithibitishi kitu. Pakiti isiyo na orodha ya viambato, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi, iache hapo hapo. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango (TBS), si Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) tena, kwa hiyo alama ya kutafuta ni ya TBS. Mwenye mzio anaweza kutumia hina halisi, akiridhika na wekundu wake, ila naye aipime kwanza. Mtoto, hasa mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), asipakwe hata hiyo, inaweza kuvunja chembe zake za damu. Rangi zenye toluini-2,5-diamini (ndugu wa PPD) badala ya PPD huwafaa baadhi tu, wengine huvimba vile vile.

Kupima nyuma ya sikio kwetu ni bure. Ukija na pakiti yako mwenyewe tunaipokea, ila iwe haijafunguliwa, maana unga uliopigwa na hewa umeanza kazi yake kabla ya kufika kichwani kwako. Baada ya saa 48 tutumie picha ya sikio iliyopigwa juani, na kama pamekuwa safi tutakupangia saa ya asubuhi, wakati madumu yetu ya maji yamejaa.